Hatua Nne za Mfalme: Mchezo wa Capablanca na Tartakower, New York 1924

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wachezaji wa sataranji, walimu na wazazi wao, Upanga, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wazazi mliowaleta watoto wenu asubuhi hii mkaamua kubaki nao, na ninyi vijana ambao mbao zenu za sataranji ziko tayari mezani, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa niseme juu ya michezo ya kale na namna ya kujifunza kutoka humo. Nimechagua mchezo mmoja tu, na ndani ya mchezo huo nitasimama kwenye hatua chache, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mchezo mmoja uliokaliwa chini juma zima humfundisha mchezaji mengi kuliko michezo hamsini iliyotazamwa harakaharaka kwenye simu ndani ya daladala. Mchezo huo ni ule ambao José Raúl Capablanca alimshinda Savielly Tartakower mjini New York mwezi Machi 1924.

Najua baadhi yenu mlitarajia niwaletee mchezo wa Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky wa London mwaka 1851, ambamo mweupe alitoa askofu, ngome zote mbili na hatimaye malkia, kisha akamaliza kwa chekimeti (shambulio ambalo mfalme hawezi kulikwepa) ya askofu na farasi wawili. Wengine mlitarajia ule ambao Paul Morphy aliucheza mwaka 1858 katika jumba la opera la Paris, mbele ya mabwana wawili wa tabaka la juu walioshauriana dhidi yake wakashindwa katika hatua 17. Ni michezo ya kupendeza, na asiyesisimka akiitazama bado hajaupenda mchezo huu. Hata hivyo nafasi ya kumtoa malkia na kushinda humjia mchezaji mara chache sana, na ikimjia, mara nyingi ni kwa sababu mpinzani amekosea mapema na kwa wazi. Hali ya ngome moja kila upande, vitunda (kete ndogo za mbele) vichache vilivyotawanyika na wafalme wawili walio hai humjia kila mchezaji karibu kila juma, na hapo ndipo naona vijana wetu wengi wakipoteza pointi walizokuwa wamezitolea jasho kwa saa mbili. Ndiyo maana nimeuchagua mchezo ambao utukufu wake uko mwishoni, kete zikiwa zimebaki chache.

Kwanza niwaeleze mazingira yake. Capablanca alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1888, na mwaka 1921 alimshinda Emanuel Lasker katika mji huohuo wa Havana akawa bingwa wa dunia. Mashindano ya New York ya 1924 yalikuwa na wachezaji 11, na kila mmoja alikutana na mwenzake mara mbili, kwa hiyo kila mtu alikaa mezani kwa michezo 20. Mshindi alikuwa Lasker, akiwa na umri wa miaka 55, kwa pointi 16. Capablanca alikuwa wa pili kwa pointi 14 na nusu, na Alexander Alekhine, ambaye miaka mitatu baadaye angemvua Capablanca taji, alikuwa wa tatu kwa pointi 12. Hivyo hakikuwa kikao cha watu dhaifu. Tartakower mwenyewe alikuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri wa zama zake, mwenye ubunifu mwingi na asiyeogopa njia zisizozoeleka.

Jambo ambalo naomba mlishike kabla hatujagusa kete yoyote ni hili: katika mzunguko wa tano wa mashindano hayo Capablanca alishindwa na Richard Réti, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa katika muda wa miaka minane. Mchezo tunaoutazama leo ni wa mzunguko wa sita. Mtu ambaye dunia nzima ilikuwa imezoea kumwona hashindwi alikaa tena mezani akiwa na jeraha bichi. Wengi wetu tukishindwa mchezo mmoja, ule unaofuata tunaucheza kwa woga, tunalinda kila kitu, tunatafuta sare ya kututuliza moyo. Nataka muone yeye alifanya nini.

Ufunguzi nitaupita kwa haraka. Capablanca, akiwa na kete nyeupe, alianza kwa kusogeza kitunda hadi mraba wa d4 (herufi hutaja njia ya wima, a hadi h, na namba hutaja mstari wa mlalo, 1 hadi 8), na Tartakower akaingia katika Ulinzi wa Kiholanzi, yaani alisogeza kitunda chake hadi f5 ili adhibiti mraba wa e4. Pande zote mbili zilipanga kete zao vizuri, wakabadilishana kete kadhaa, na mweupe akabaki na vitunda viwili upande wa malkia vilivyopangana katika njia moja ya c. Kisha katika hatua ya 23 Capablanca akasukuma kitunda chake cha pembeni hadi h4. Mtu anayetazama kwa haraka atakiona kama kitunda kilichotembea kwa kukosa kazi. Tartakower akajibu kwa d5, njia ya e ikafunguka, na katika hatua ya 25 na 26 malkia wote wawili na ngome moja ya kila upande zikaondoka ubaoni. Hapo ndipo maana ya h4 ikajitokeza, kwa kuwa hatua iliyofuata ilikuwa h5, vitunda vikabadilishana kwenye g6, na njia ya h ikawa wazi kwa ngome nyeupe. Capablanca alikuwa ameutengeneza mlango kabla ya kuondoa kete kubwa. Mkiwa nyumbani, rudini kwenye hatua ya 23 mjiulize alikuwa anaona umbali gani.

Sasa naomba mpange kete zenu jinsi zilivyokuwa baada ya hatua ya 29. Mweupe ana mfalme g2, ngome h1, askofu d3, na vitunda vya a4, c3, d4, f4 na g3. Mweusi ana mfalme f8, ngome f6, farasi a5, na vitunda vya a7, b6, c7, d5 na g6. Hesabuni: vitunda vitano kwa vitano, ngome kwa ngome, askofu kwa farasi. Ukimwuliza mchezaji wa kawaida atakwambia wako sawa. Tena atakuonyesha kwamba kitunda cheupe cha c3 kina udhaifu, kwa sababu hakina kitunda jirani cha kukilinda, na ngome nyeusi iko hatua moja tu kabla ya kukishambulia kutoka c6.

Capablanca alicheza ngome yake hadi h7, mstari wa saba. Tartakower akajibu kama ilivyotarajiwa, ngome c6. Hapo mweupe alisukuma g4, kana kwamba kitunda cha c3 hakikuwa cha kwake. Farasi mweusi akaingia c4, mweupe akasukuma tena hadi g5. Farasi akatoa cheki, yaani akamshambulia mfalme, kutoka e3, mfalme mweupe akaenda f3, farasi akarudi f5 kujaribu kuziba upande wa mfalme, na Capablanca akamla kwa askofu wake. Kitunda cheusi cha g6 kililazimika kumla askofu na kuhamia f5. Tazameni kilichotokea: mbele ya kitunda cheupe cha g5 hakuna tena kitunda cheusi hata kimoja, si mbele yake wala kwenye njia za jirani. Njia yake hadi mraba wa kugeuka malkia ni mirаba mitatu, na wa kukizuia pekee ni mfalme mweusi ambaye amefungwa kwenye mstari wa nane na ngome ya h7.

Hapa tumefika hatua ya 35, na hapa naomba tutulie. Ngome nyeusi ya c6 inaitazama c3. Akikila, atatoa pia cheki endapo mfalme mweupe atabaki mstari wa tatu. Mwanafunzi anayekaa mbele ya ubao huu huanza kutafuta jinsi ya kuokoa kitunda kile, na akitafuta kwa uaminifu atagundua kwamba hakiokoki: ngome ya h7 haiwezi kurudi h3 kukilinda kwa sababu mfalme aliyesimama f3 ameuziba mstari, na mfalme mwenyewe yuko mbali mno. Basi wengi humrudisha mfalme kuelekea upande wa malkia, e2 au e3, kwa nia ya kupunguza hasara. Ni hatua inayoeleweka, na ndiyo hatua ya mtu aliyeshindwa jana.

Capablanca alimpeleka mfalme g3. Mweusi akala c3 kwa cheki. Mfalme akaenda h4. Ngome nyeusi ikaja f3 kushambulia kitunda cha f4. Mweupe akasukuma kitunda hadi g6, akakiacha na f4 kiliwe, nacho kikaliwa, tena kwa cheki. Mfalme akaingia g5. Ngome nyeusi ikaenda e4. Mfalme akaingia f6.

Vijana wangu, ninyi mliokulia Dar es Salaam mnayo bahati ambayo wachezaji wa kwingine hawana, kwa sababu mmewaona wazee na kaka zenu wakicheza drafti kwenye vijiwe vya Kariakoo, Manzese na Temeke kwa vizibo vya soda. Fundi wa drafti humpa mpinzani kete moja, kisha ya pili, na wasiojua waliosimama pembeni hudhani amepotea, mpaka ghafla anakula tatu kwa mkupuo mmoja na kutua kwenye mstari wa kingi. Hakuna anayemshangaa, kwa sababu kila mtu kijiweni anajua kwamba kete iliyotolewa ilinunua kitu. Mnaijua fikra hiyo tangu utotoni. Ninachowaomba ni kwamba msiiache nje ya mlango mnapokuja kukaa mbele ya sataranji, kwa maana katika sataranji kuna ugumu wa ziada: malipo hayaji papo hapo kama kwenye drafti. Capablanca alitoa vitunda viwili, na alipofika f6 hakuwa amelipwa hata kimoja. Mweupe alikuwa na vitunda vitatu, mweusi vitano. Alichokuwa amekinunua kilikuwa mahali pa kusimama.

Na hapo ndipo ilipo hatua ninayoipenda kuliko zote katika mchezo huu. Mfalme alipokuwa g5, kitunda cheusi cha f5 kilikuwa jirani yake kabisa, kikiwa hakina mlinzi. Baada ya kupoteza vitunda viwili, nani asingenyoosha mkono kurudisha kimoja? Mfalme mweupe alikipita. Sababu yake ni ya kufikiriwa kwa makini. Kitunda kile cheusi, kikibaki pale f5, kinaifunga njia ya f dhidi ya ngome ya mwenyewe, hivyo mfalme mweupe aliyesimama f6 hapigiwi cheki kutoka nyuma. Kete ya adui imegeuzwa ukuta wa kumkinga mfalme. Wakati huohuo, mfalme huyo wa f6 anaidhibiti mirabа ya e7, f7 na g7, kwa hiyo ngome nyeupe ikienda h8 ni chekimeti. Mweusi hana nafasi ya kula d4, ingawa kitunda hicho kiko wazi mbele ya ngome yake. Yeye ndiye mwenye vitunda vingi, na yeye ndiye asiye na hatua ya kupumua.

Tartakower alicheza mfalme g8 ili kuikwepa chekimeti hiyo. Ngome nyeupe ikatoa cheki kutoka g7, mfalme mweusi akaenda h8, na ngome ikala kitunda cha c7, sasa ikitishia kushuka c8 na kumaliza kazi. Ngome nyeusi ikalazimika kurudi e8 kulinda mstari wa nyuma. Na ni hapo tu, katika hatua ya 42, wakati ngome nyeusi imeshaacha kushambulia na kuwa mlinzi wa nyumba, ndipo Capablanca akarudi kukila kitunda cha f5. Kilikuwa kinamngoja. Vitunda vikawa vitatu kwa vitatu, baadaye kidogo kitunda cha a7 nacho kikaliwa, kisha cha d5, na katika hatua ya 52 Tartakower alisalimu amri, mfalme mweupe akiwa c6 na kitunda chake kikiwa kimefika d6.

Tangu utoto tunafundishwa kwamba mfalme ni kete ya kufichwa. Tunamwingiza pembeni kwa hatua ya ngome, ile ya kumsogeza mfalme na ngome kwa pamoja, tunamjengea ukuta wa vitunda vitatu, na tunamsahau. Mafundisho hayo ni sahihi kabisa wakati malkia wangali ubaoni. Wakishaondoka, mfalme anakuwa kete yenye nguvu inayokaribia ya askofu au farasi, na mchezaji anayeendelea kumficha anapigana akiwa na kete moja pungufu bila kujua. Mimi nimewaona vijana hodari, wenye kumbukumbu ya ufunguzi hadi hatua ya 15, wakifika mwisho wa mchezo na mfalme wao akiwa bado g1, huku mfalme wa mpinzani akitembea katikati ya ubao na kula anachotaka. Inaniuma, kwa sababu ni ujuzi unaopatikana bure kwa yeyote atakayeupanga mchezo huu mezani.

Walimu wenzangu, niseme kidogo kuhusu namna ya kuutumia mchezo kama huu darasani. Funikeni hatua kwa karatasi. Kila mnapofika zamu ya mweupe, mwanafunzi aandike hatua yake pamoja na sababu yake kabla ya karatasi kushushwa. Sababu ndiyo muhimu, maana kubahatisha hatua ya Capablanca si kazi ngumu sana, ila kuieleza ni jambo jingine. Mwanafunzi aliyeandika mfalme e3 katika hatua ya 35 kwa sababu iliyofikiriwa ana mengi ya kujifunza hatua ya g3 inapofunuliwa. Yule aliyetazama tu mchezo mzima kwa dakika mbili atakwambia ni mzuri, na kesho atakuwa ameusahau.

Kuhusu kompyuta, siikatai. Tunazo programu kwenye simu zetu zinazoona zaidi ya bingwa yeyote aliyewahi kuishi, na itakuwa ujinga kutozitumia. Ombi langu ni utaratibu: programu iwe ya mwisho kuulizwa. Inakupa namba, kwamba mweupe yuko mbele kwa kiasi fulani, na haikwambii ni kwa nini kitunda cha f5 hakikuliwa. Ukiiuliza kwanza, namba hiyo inafunga mjadala ambao ungekufundisha. Ukiiuliza baada ya kuandika sababu zako, inakusahihisha mahali halisi ulipokosea, na hapo inakuwa mwalimu mzuri sana.

Vilevile uchezeni mchezo kutoka upande wa aliyeshindwa. Tumezoea kumtazama mshindi tu, kana kwamba aliyekuwa mbele yake alikuwa sanamu. Tartakower hakucheza ovyo. Vitunda vya c3 na f4 alivila kwa cheki, aliiweka ngome yake mahali penye uhai, na kwa hesabu ya kete alikuwa mbele. Mtu anayetaka kuuelewa mchezo huu lazima aketi kwenye kiti chake, ahisi raha ya kuwa na vitunda viwili vya ziada, halafu atafute kwa dhati ni wapi raha hiyo ilianza kumdanganya.

Kwa hiyo kazi yenu kabla ya chakula cha mchana ni hii. Pangeni hali iliyokuwepo baada ya hatua ya 36 ya mweupe: mfalme mweupe h4, ngome h7, vitunda a4, d4, f4 na g5, mfalme mweusi f8, ngome c3, vitunda a7, b6, c7, d5 na f5. Ni zamu ya mweusi. Tartakower alicheza ngome f3 kwenda kukifuata kitunda cha f4. Kaeni wawiliwawili, mmoja amtetee mweusi kwa kila njia anayoweza, atafute hatua bora kuliko hiyo, na aandike kwa sentensi kamili kwa nini anaamini ni bora. Mwenzake atafute jibu la mweupe. Simu zibaki mikononi mwa wazazi. Walimu tutapita mezani kusoma mlichoandika, na saa sita tutazipanga njia zenu kwenye ubao mkubwa, moja baada ya nyingine, tuone ni ipi inayomsimamisha mfalme yule asifike f6.